Miezi kumi ya hofu kabla binti yangu hajavaa pampu ya insulini

Kwenye kadi yangu ya ukaazi hapa Uingereza kulikuwa na maneno matatu ya Kiingereza ambayo maana yake ni hii: hakuna fedha za umma. Kwa maneno hayo nilikataa pampu ya insulini ya binti yangu, ambaye ana kisukari. Nilikataa mara mbili, na tangu siku niliyokataa mara ya kwanza hadi siku alipoivaa ilipita miezi kumi. Ndani ya miezi hiyo, usiku mmoja nusura tumpoteze. Nawaandikia wazazi wenzangu, hasa sisi tuliokuja huku kufanya kazi na tunaoogopa kila karatasi yenye nembo ya serikali.

Sisi kwetu Tanga. Nilitangulia mimi mwishoni mwa 2022, kwa viza ya wafanyakazi wa afya na ulezi, kulea wazee. Mume wangu na watoto wawili wakanifuata Agosti 2023. Hawajamaliza hata miezi mitatu, binti akaanza kukonda. Alikuwa na miaka saba. Mama yangu alimwona kwenye simu ya video akasema, "Mwanangu, mbona mabega ya mtoto yamechongoka? Hiyo baridi yenu inamla." Tukaamini ni baridi, na chakula cha shule asichokizoea. Kisha akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu ana miaka mitatu. Usiku alikuwa akiamka na kunywa maji ya bomba kwa kuinamisha kichwa kwenye sinki, hana subira hata ya kutafuta kikombe. Mimi nikaona dawa ya kukojoa ni kumnyima maji ya jioni. Nikaficha vikombe. Mwili wa mtoto unakauka, na mimi mama yake nimeficha vikombe. Hilo halijanitoka mpaka leo.

Muuguzi wa zamu pale kazini ndiye aliyetuokoa. Alinisikia nikilalamika juu ya mashuka, akaniuliza maswali manne tu: Anakunywa sana? Anakojoa sana? Amekonda? Anachoka ovyo? Nikajibu ndiyo kwa yote. Akaniambia nisisubiri miadi ya daktari, nisimalize hata zamu, nimpeleke hospitali idara ya dharura siku hiyo hiyo. Njiani kwenye teksi nilimpakata, na pumzi yake ilikuwa ikinukia kama embe lililoiva kupita kiasi. Sikujua kuwa harufu ile ni ya ketoni, yaani mwili umekosa insulini na umeanza kuunguza mafuta. Walimtoboa kidole, sukari ikasoma 28.4, juu mno. Alilazwa siku nne. Kisukari aina ya kwanza.

Basi yashikeni maswali yale manne, mko Uingereza au mko Korogwe. Mtoto mwenye dalili hizo apimwe sukari siku hiyo hiyo. Kipimo ni tone la damu na dakika moja.

Tulitoka wodini na kalamu mbili za insulini, moja ya kazi ndefu ya kupiga mara moja kwa siku, nyingine ya kazi fupi kabla ya kila mlo. Sindano nne, siku nyingine tano. Tulipewa pia sensa ya kubandika mkononi inayotuma kiwango cha sukari kwenye simu. Mtaalamu wa lishe akatupa kitabu chenye picha za vyakula na kiasi cha wanga, ili tujue insulini ya kupiga kwa kila mlo: viazi, mkate, tambi, pizza. Ugali haumo. Wali wa nazi haumo, maandazi hayamo, muhogo haumo. Wiki ya kwanza nilimlisha mtoto viazi vya kuchemsha mpaka akalia, kwa sababu viazi ndivyo nilivyovijua hesabu yake.

Jumamosi moja nikaamua. Nikaweka bakuli juu ya mizani ya jikoni, nikapima unga wa sembe gramu 500. Pakiti ilisema kila gramu 100 za unga zina gramu 76 za wanga, kwa hiyo unga wangu ulikuwa na wanga gramu 380. Nikasonga, nikapakua ugali wote kwenye sinia, nikaupima: kilo moja na nusu. Ukigawanya, gramu 100 za ugali wangu zina wanga gramu 25 hivi. Nikaandika kwenye karatasi, nikaibandika kwenye mlango wa friji. Ugali wako ukiwa mlaini kuliko wangu namba itashuka, ukiwa mgumu itapanda, kwa hiyo pima wa kwako. Nilifanya hivyo hivyo kwa maandazi, kwa kugawanya wanga wa unga na sukari yote kwa idadi ya maandazi yaliyotoka. Karatasi ile ilimrudishia binti yangu chakula cha kwao, na baadaye ndiyo tuliyoitumia kwenye pampu, maana pampu nayo inahitaji uiambie mtoto anakula wanga kiasi gani.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe.

Machi 2024 tulikuwa kliniki. Mimi Kiingereza cha kazini nakimudu, cha kuogesha wazee na kuandika ripoti ya zamu, ila cha kliniki kinanipita. Nilikuwa nikienda na kijana wangu mkubwa, wakati huo ana miaka kumi na minne, anitafsirie. Muuguzi wa kisukari akaeleza kwamba kuna mfumo mpya: pampu ndogo inayovaliwa kiunoni, inazungumza na sensa, inaongeza na kupunguza insulini yenyewe kila dakika chache usiku na mchana. Akasema binti yangu anafaa. Kijana akanitafsiria, kisha akaongeza alichosikia mwishoni: mashine ni ya maelfu ya pauni na inalipiwa na serikali.

Nikaiona ile kadi mbele ya macho yangu. Hakuna fedha za umma. Tena kulikuwa na jambo jingine lililonizidishia hofu. Wahamiaji wengi wanapoomba viza hulipa ada ya afya, lakini viza ya wafanyakazi wa afya na ulezi imesamehewa ada hiyo. Nikajiambia: hata ile hela ya matibabu hatukuitoa, leo tubebe mashine ya maelfu? Si ndiyo tutaitwa siku ya kuongeza viza tuulizwe? Nikatabasamu, nikamwambia kijana, "Mwambie tunashukuru, lakini sindano zinatutosha."

Muuguzi aliuliza kama nina hakika. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akaandika kwenye faili kwamba familia haiitaki pampu kwa sasa. Juni wakauliza tena, nikajibu vilevile, na safari hii nikaongeza uongo kwamba binti anaogopa kuvaa kitu mwilini. Mtoto alikuwa amekaa hapo hapo. Aliniangalia tu.

Mume wangu sikumwambia sababu ya kweli. Yeye alidhani mimi kama mama nimeona si salama. Kijana wangu alijua, na alibeba siri ile peke yake. Kumfanya mtoto mkalimani wa ugonjwa wa mdogo wake ni kosa ambalo nimelitubia. Alikuwa akisikia habari za kuzimia, za figo na macho, anazibeba kichwani, kisha anachagua zipi anipe na zipi anifiche. Haki ya mkalimani ipo, haina malipo, unaiomba unapopanga miadi. Waambie unataka mkalimani wa Kiswahili. Wakikosa wa kukaa nanyi chumbani watampigia wa simu.

Septemba mwaka huo, saa tisa usiku, simu ililia kwa ishara ya sukari kushuka. Ililia kwa muda na hatukusikia, maana nilikuwa nimetoka zamu ya urefu wa saa kumi na mbili, na mume wangu alikuwa na homa. Kijana ndiye aliyeamka. Tulipofika kitandani binti alikuwa mgumu kama ubao, meno yamebana, jasho limelowesha mto. Sensa ilisoma 2.1. Mtu akiwa hivyo usimwekee kitu mdomoni, si juisi wala asali, atapaliwa. Tulikuwa na kisanduku cha rangi ya chungwa chenye sindano ya glukagoni, dawa ya kupandisha sukari haraka, tulichopewa siku ya kutoka wodini na ambacho sikuwahi kukifungua hata kujizoeza. Mume wangu alikuwa akisoma maelekezo kwa sauti, mikono ikimtetemeka, unga wa dawa unatakiwa uchanganywe na maji yake kwanza, kijana anazungumza na gari la wagonjwa kwa simu, na mimi nimemshika mguu. Alimchoma pajani. Dakika zile sizijui zilikuwa ngapi. Kisha akafumbua macho akasema, "Mama, nasikia baridi."

Kifungueni kisanduku chenu leo. Someni, oneshaneni nyumba nzima, tazameni tarehe ya mwisho wa dawa.

Wiki iliyofuata kliniki walituita, na safari hii mkalimani alikuwepo kwenye simu. Kwa lafudhi nilimtambua ni mama wa Mombasa. Muuguzi akauliza, naye akanigeuzia kwa upole: "Dada, muuguzi ataka kujua, pampu waikataa kwa nini hasa? Sema lililo moyoni, hapa hapana wa kukuhukumu." Sijui kama ni lugha au ni ule usiku, nililia pale pale. Nikasema habari ya kadi yote.

Chumba kikanyamaza. Kisha muuguzi akamwita mtu wa ofisi yao anayeshughulika na haki za wagonjwa, nami nikaelezwa jambo ambalo lingenichukua dakika tano kuliuliza. Maneno yale kwenye kadi yanahusu orodha maalumu iliyotajwa na sheria za uhamiaji: posho za serikali na nyumba za halmashauri, mambo ya namna hiyo. Matibabu ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya huku, hayamo kwenye orodha hiyo. Aliyelipa ada ya afya ana haki ya kutibiwa, na sisi tuliosamehewa ada kwa sababu ya viza yetu tuna haki ile ile. Insulini, sensa, pampu na vifaa vyake vyote ni matibabu. Havihesabiki kuwa umekula fedha za umma.

Kwa wale wenye viza za kazi nyingine au za masomo, fikirieni hivi: tangu Februari 2024 ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa viza, na 776 kwa mtoto au mwanafunzi. Mmeshailipa, mara nyingi kwa mkopo. Kuogopa pampu baada ya hapo ni kulipa nauli kisha kutembea kwa miguu.

Lakini orodha ile ipo, na ina meno. Mama mmoja wa shuleni, raia wa hapa, alinishauri kwa nia njema nijaze fomu ya DLA, posho wanayopewa wazazi wa watoto wagonjwa. Hiyo imo kwenye orodha. Kwa viza yangu ningeivunja sheria kwa mkono wangu. Kwa hiyo tenganisha: hospitali upande mmoja, posho upande mwingine, na kabla ya kujaza fomu ya posho yoyote mwone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, usimwulize jirani. Hasara ya kukosa posho hiyo ni kubwa kwetu. Siku za kliniki silipwi kazini, na mwaka wa kwanza nilipoteza zamu nyingi kiasi kwamba kodi ya nyumba ya Desemba tulikopa.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza pampu hizi hulipiwaje, na nimegundua kuwa ukijua utaratibu unazungumza kliniki ukiwa umesimama. England kuna taasisi iitwayo NICE inayoamua NHS igharimie nini. Mwaka 2008 ilikubali pampu kwa masharti: mtoto chini ya miaka 12 apewe ikiwa sindano nyingi haziwezekani au hazimfai, na mkubwa apewe ikiwa sukari inamshuka vibaya, au kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hakishuki chini ya asilimia 8.5 pamoja na juhudi zote. Desemba 2023 ikakubali ule mfumo wa pampu inayojiongoza kwa sensa, kwa watoto na vijana wote wenye aina ya kwanza, kwa wajawazito na wanaopanga ujauzito, na kwa watu wazima ambao kipimo chao ni asilimia 7.5 au zaidi au wanaosumbuliwa na sukari kushuka. Kwa kawaida NICE ikishasema ndiyo, NHS hupewa miezi mitatu tu kutafuta fedha. Kwa mfumo huu walipewa miaka mitano kuanzia Aprili 2024, kwa sababu gharama ni kubwa na wauguzi wa kufundisha ni wachache. Scotland wana utaratibu wao.

Maana yake kwa mzazi ni kwamba haki ipo lakini foleni nayo ipo. Usiulize kama mtoto atapewa. Uliza maswali yenye jibu: jina lake limeshaandikwa kwenye orodha? Mafunzo yanayofuata ni lini? Mtu akijitoa mnaweza kutuita? Mimi nilikuwa nimejitoa kwenye foleni kwa mdomo wangu, mara mbili, na iliandikwa. Ilibidi niwaombe waandike upya kwamba familia inaitaka. Mafunzo yetu yalipangwa Januari 2025.

Tulikaa darasani siku mbili, wazazi sita na watoto wao. Tulijaza pampu maji ya chumvi kwanza, tukajizoeza kubandika. Tukasaini karatasi kwamba mashine ni mali ya hospitali, sisi tumeazimwa, na dhamana yake ni miaka minne. Walituandikia pia tuikatie bima ya vitu vya nyumbani. Tulitakiwa kuwa na simu inayokubaliana na mfumo, na ya kwetu ilikuwa ya zamani mno, ikabidi tununue iliyotumika kwa pauni 180. Hilo hakuna aliyetutajia mapema. Ulizeni.

Watu wa nyumbani walidhani pampu inaponya. Haiponyi. Wiki ya kwanza ililia usiku mara nyingi kuliko sensa ya zamani, ngozi ya tumbo ikawa nyekundu kwa gundi, na binti akachoka na sisi. Kila siku mbili au tatu unabadilisha kanyula, kile kimrija chembamba kinachokaa chini ya ngozi, na unajaza insulini upya. Lakini wiki ya tatu nililala tangu saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Nilipoamka nilikimbilia chumbani kwake kwa hofu. Alikuwa amelala, sukari 6.8. Nikakaa chini kwenye zulia karibu na kitanda nikamsikiliza akipumua.

Kuna hatari moja ya pampu ambayo lazima niieleze kwa kirefu, maana sisi ilitukuta Machi. Kwenye pampu kuna insulini ya kazi fupi peke yake. Ile ya kazi ndefu, iliyokuwa ikibaki mwilini siku nzima, hakuna tena. Mrija ukikatika au kuziba, ndani ya saa chache mtoto hana insulini kabisa. Siku hiyo alirudi shuleni sukari 17. Tukaiamini pampu, tukasema itashusha. Baada ya saa mbili ikawa 19, akatapika. Tukadhani ni mafua ya tumbo yaliyokuwa yakizunguka darasani. Nilipopima ketoni za damu zilikuwa 2.4, wakati kawaida ni chini ya 0.6, na zikifika 3 ni hospitali moja kwa moja. Nikabandua kanyula. Kimrija kilikuwa kimejikunja katikati, mkunjo mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Insulini yote ya mchana ule haikuingia.

Tangu hapo kanuni yetu ni hii, na ndiyo waliyotufundisha tukaisahau: sukari ikipita 14 na isishuke baada ya saa moja hadi mbili, pima ketoni. Zikiwepo, piga insulini kwa kalamu, si kwa pampu, halafu badilisha kanyula na mrija wote. Kalamu haiachwi nyumbani kamwe. Shuleni tuna mfuko wake, na msaidizi wa darasa amefundishwa na muuguzi. Shule ikisita, watajieni sheria ya watoto na familia ya 2014, kifungu cha 100: shule za serikali za England zinatakiwa kumsaidia mwanafunzi mwenye ugonjwa, tena kuwe na mpango ulioandikwa.

Julai 2025 kipimo cha miezi mitatu kilikuwa asilimia 7.2. Kabla ya pampu kilikuwa 8.9. Siku chache baadaye tukapanda ndege kwenda nyumbani.

Kliniki walitupa barua ya kueleza vifaa, na tulibeba mara mbili ya tulichohitaji, vyote kwenye mizigo ya mkononi, kwa sababu kwenye tumbo la ndege insulini inaweza kuganda. Uwanjani nikaomba binti apekuliwe kwa mkono, kwa kuwa watengenezaji wengi hawataki pampu ipite kwenye mashine za eksirei. Ndege ikipaa, hewa hujitenga ndani ya mrija ikawa mapovu, kwa hiyo tuliutazama na kuyatoa. Tulipofika tukasogeza saa ya pampu mbele kwa saa mbili.

Joto la Tanga ndilo lililonitisha zaidi. Nilisoma kwamba Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza insulini kwa hali ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba iliyofunguliwa ilistahimili wiki nne katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Hilo lilinituliza kwa chupa za akiba, ambazo mama aliziweka ndani ya chungu kidogo kilichokaa kwenye chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, kama walivyokuwa wakihifadhi maziwa. Pampu yenyewe ni jambo jingine, inakaa mwilini na juani. Tulijaza kidogo kidogo na kubadilisha kila siku mbili. Raskazone alipoingia baharini niliichomoa, nikaifunga kwenye kanga yenye unyevu kivulini, na saa moja haikupita kabla sijairudisha.

Mama alitaka kujifunza. Nilimwandikia kwenye daftari kwa saa za Kiswahili, kwa sababu pampu inaonyesha 19:00 na yeye hiyo ni saa moja usiku. Siku ya tatu alikuwa akiniita kabla simu haijalia. "Njoo, mtoto macho yamelegea, mpe juisi."

Binamu yangu alikuja kutusalimu na mwanawe wa miaka kumi na mmoja, naye ana aina ya kwanza tangu ana mitano. Insulini anapata bure kliniki, kupitia mipango ya kusaidia watoto wenye kisukari. Stripu za kupimia hazitoshi mwezi mzima. Zikiisha wananunua, wakikosa hela wanakadiria. Wale watoto wawili walikaa mkekani, yeye akimwonyesha binti yangu ncha za vidole vyake zilivyokomaa kwa kutobolewa, binti akimwonyesha namna pampu inavyosoma. "Kwa hiyo wewe unajua sukari yako hata ukiwa umelala?" aliuliza. Binti akanitazama mimi nimjibie.

Binamu yangu akaniuliza kwa aibu kama ile pampu ikizeeka tunaweza kumletea. Nilitaka kumvulia palepale. Lakini ilibidi nimweleze kwamba pampu si yetu, na hata ingekuwa yetu, bila kanyula mpya kila siku mbili na sensa mpya kila siku kumi inageuka plastiki tupu ndani ya wiki. Pampu ya mtu mmoja ni kontena la vifaa linalofika kila mwezi bila kukosa, na muuguzi anayepokea simu usiku. Ndicho kinacholipiwa na umma huku, mashine yenyewe ni sehemu ndogo. Na ndiyo sababu naona kwetu, tunapodai chini ya ile sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023, tuanze na stripu za kutosha na ketoni zipimwe kila hospitali ya wilaya. Mtoto anayepimwa mara nne kwa siku ameshapata nusu ya kile pampu inampa wa kwangu. Watakaokuja kudai pampu watakuwa na mahali pa kusimamia. Nilienda duka la dawa nikamnunulia boksi nne za stripu na mkoba wa kupozea insulini, na tumekubaliana nitume hela ya boksi mbili kila mwezi.

Tumerudi huku. Kadi za ukaazi zimeshaondolewa, sasa kila kitu kiko mtandaoni, na ule mstari bado upo humo. Dhamana ya pampu inaisha Januari 2029, binti atakuwa na miaka kumi na mbili au kumi na mitatu. Kwenye daftari la kliniki nimeshaandika swali la kuuliza miadi ijayo, kwa Kiswahili, mkalimani ataligeuza: ya pili tunaanza kuiombea lini?